Mtoto Aliyeamkia Milango

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, upepo wa kwetu Singida ukivuma tangu alfajiri bila kupumzika, mwenyekiti wa kijiji alipita mstari kwa mstari wa vibanda akitangaza kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kubeba moto kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Mwanangu, najua utacheka. Utasema, huyu bibi naye, moto unabebwaje? Ngoja kwanza. Wewe umezaliwa umekuta kiberiti juu ya kabati na jiko la gesi pembeni, huwezi kujua. Kaa vizuri nikueleze, maana ninayotaka kukuambia leo hayafurahishi, na sipendi kuyarudia.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba alikuwa Itigi akifanya kibarua cha reli. Alikuja kwetu mara chache, na asali kwenye kibuyu, akakaa kidogo, akaondoka. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na bibi, katika nyumba ya tembe nyuma ya mawe makubwa. Majirani waliishi mbali na mbali, kila mtu na shamba lake la uwele na zizi lake la ng'ombe. Nyumba ya mwenzako uliijua kwa moshi wake, na moshi usipoonekana asubuhi, mtu alifunga kanga akaenda kuangalia kulikoni.

Kiberiti kilikuwa kitu cha kusikia kwa watu. Usiku moto ulifukiwa kwenye majivu, asubuhi ukafukuliwa, na ukizimika mtoto alitumwa kuuomba kwa jirani. Tuliubeba kwenye kigae, juu ya kipande cha mavi makavu ya ng'ombe, yale yanayoungua polepole bila kutoa ndimi. Sasa sikia desturi yenyewe. Moto haukuombwa mlangoni. Wewe mtoto uliingia ndani, ukapiga goti, ukamwamkia kila mkubwa aliyekuwemo, ukaulizwa mmelalaje, nawe ukauliza wao wamelalaje. Hapo ndipo ulipopewa moto. Na ukirudi nyumbani, kabla hujauweka mafigani, bibi anakuuliza, "Umewakutaje?" Ole wako useme hukuangalia.

Bibi yangu alikuwa na ujanja wake. Asubuhi moja nilimwona kwa macho yangu akimwagia maji makaa yaliyokuwa mazima kabisa, halafu akaniita kwa sauti ya kulalamika, "Mwajuma! Moto umekufa tena. Kimbia pale kwa jirani." Kumbe jana yake alisikia kwamba jirani yule ana homa. Nilipomuuliza kwa nini hakunituma tu nikamjulie hali, akanijibu kuwa wapo watu wanaoona haya kuonekana wana shida, lakini hakuna aliyewahi kuona haya kwa kuombwa moto. Nilirudi na habari kwamba mama yule hajatia kitu mdomoni, na mchana tukampelekea uji. Wema wa kwetu ulikuwa hivyo, mwanangu. Haukuwa na hotuba wala makofi, na sisi watoto ndio tuliokuwa miguu yake.

Basi ikaja amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya pamoja. Siasa yake siingii, mimi si mtu wa siasa. Wapo waliokwenda kwa kupenda na wapo waliobebwa, na sisi tulibebwa. Lori lilikuja, vijana wakaezua paa letu la udongo, nguzo zikapakiwa, kihenge cha uwele kikapakiwa, kuku wakafungwa miguu. Mwisho kabisa bibi akatoka amekumbatia chungu. Dereva akachungulia ndani ya chungu akaona makaa.

"Bibi, moto kwenye gari la serikali?"

"Wewe shika usukani, baba. Moto nimeushika mimi."

Walicheka hata wale waliokuwa wakilia. Bibi alikaa na chungu kile njia nzima, na tulipofika ndiye pekee aliyekuwa na moto jioni ile, hata watu tusiowajua wakapanga foleni kwake kuomba. Alimgawia kila mtu na kumuuliza kila mtu jina lake na alikotoka. Nafikiri ndiyo siku ya mwisho niliyomwona bibi amefurahi.

Kijiji kipya kilipangwa kwa mistari iliyonyooka. Tuliishi kwenye vibanda vya miti na nyasi, tukingoja mvua ije tupate udongo wa kujengea. Vibanda vilikaribiana mno, kikohozi cha jirani ulikisikia kama kiko kwenye kitanda chako. Upande mmoja wetu alikaa Mama Yohana, Mnyiramba, mjane ambaye Yohana wake alifariki mchanga, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Upande wa pili alikaa Mzee Ntandu, Mnyaturu kama sisi lakini wa kutoka mbali, mtu wa ng'ombe na wa maneno machache. Sisi tulikuwa Waislamu. Kinyaturu na Kinyiramba havisikilizani, kwa hiyo na Mama Yohana tulikutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili cha bibi kilitosha kuombea chumvi tu.

Haukupita muda mrefu, mtoto mmoja akiwa amebeba moto kigaeni, upepo ukarusha cheche kwenye nyasi. Mstari mzima ukateketea na vihenge vyake. Hakufa mtu, lakini kuna familia zilibaki na nguo za mwilini tu. Ndipo mwenyekiti akatoa ile amri niliyokuambia. Simlaumu, na ningekuwa mimi ningetangaza vilevile. Kila kaya iliambiwa ikachukue kiberiti kwenye duka la kijiji, na kweli tukapewa.

Lakini moto ulipoacha kutembea, watoto nao waliacha kutembea. Hapakuwa tena na sababu ya kuingia nyumba ya mtu. Asubuhi kila mama aliwasha kiberiti chake, akapika, akafunga mlango wa mabua, akaenda shamba la kijiji. Ukikutana na jirani njiani unamsalimia, yeye anakusalimia, mnapitana. Hakuna aliyeulizwa nyumbani, "Umewakutaje?" maana hakuna aliyemkuta mtu. Kama kuna mwenye shida, yuko balozi wa nyumba kumi, ndiyo kazi yake. Tulisema hivyo wote na tuliona ni sawa. Bibi miguu ilikuwa imeanza kumkataa, hakuweza kwenda kwa watu mwenyewe. Alikaa ndani akisikiliza sauti za nje, akiniuliza hii ya nani na ile ya nani, na mimi nilikuwa sijui.

Mtoto mmoja tu hakuacha. Alikuwa binti wa Mama Yohana, akiitwa Rebeka, mdogo kuliko mimi, meno ya mbele yametangulia na mdomo haupumziki. Huko walikotoka, mtoto akipita mbele ya nyumba ya mzee bila kuamkia alirudishwa akaamkie, na huyu alihama na adabu yake yote. Kila asubuhi akienda shule alisimama mbele ya kila kibanda alichojua kina mzee, mlango ukiwa umefungwa, akapaza sauti, "Shikamoo!" Na haondoki mpaka aitikiwe. Wenzake walimtania, wakamwita Mwamkia Milango. Yeye aliwatolea ulimi akaendelea.

Bibi alikuwa akimngoja. Alisogeza kigoda karibu na mlango kabla jua halijapanda.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mama. Umeamka?"

"Nimeamka. Leo unapika nini?"

"Mlenda."

"Jana si ulisema mlenda?"

"Na kesho uje usikie nitakavyosema."

Rebeka alicheka mpaka darasani. Ndiyo mazungumzo pekee ambayo bibi aliyapata kwa siku na mtu asiyekuwa mimi.

Kikafika kipupwe. Unaijua baridi ya Juni na upepo wake. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kudanganya, uwele ulisinyaa mashambani, watu wakaanza kula mara moja kwa siku. Maji tuliyachimba kwenye mchanga wa mto mkavu, watu wote na mifugo yote shimo moja. Ugonjwa wa kuhara ukaingia kijijini. Wakati huo Rebeka na mama yake hawakuwepo. Walikuwa wamerudi kwenye mahame yao, kule nyumbani kwao kwa zamani, kutafuta uwele waliouacha kwenye kihenge. Balozi wetu alikuwa ameitwa mkutanoni mjini.

Ugonjwa ulinianza mimi, kisha bibi. Mwanzoni nilitambaa mpaka nje, nikarudi. Baadaye sikuweza. Maji yaliyokuwa mtungini bibi alininywesha mimi kwa mkono wake, na nilipomwambia naye anywe, akasema yeye ameshakunywa. Nilikuwa na homa, nikaamini. Alitaka kukoka moto atuchemshie chochote, lakini mikono ilimtetemeka na upepo ulipita kwenye nyasi za ukuta kama hapana ukuta. Aliwasha njiti moja baada ya nyingine, zikazimika, mpaka kiberiti kikabaki kiganda kitupu. Akakiweka chini polepole. Mwanangu, nimeona mambo mengi tangu siku ile, na bado uso wa bibi akikiangalia kiganda kile cha kiberiti unanichoma.

Ndipo akaanza kuita. Unajua aliitaje? Alipiga hodi. Alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe akipiga hodi kwa walio nje. "Hodi! Hodi jamani!" Bibi yangu hakujua kupiga mayowe, aliona mayowe ni ya msibani na vitani. Watu walipita njiani tukazisikia nyayo zao. Wengine walidhani ni mgeni anayebisha kwenye kibanda kingine. Wengine walikuwa wameambiana kwamba baba amekuja kutuchukua, tumekwenda Itigi, ndiyo maana hakuna moshi. Sauti ya bibi ikawa ndogo, kisha ikawa mnong'ono, kisha midomo ikabaki inachezacheza tu.

Mama Yohana na binti yake walirudi kutoka mahame. Asubuhi yake nikasikia sauti ile mlangoni.

"Shikamoo, bibi!"

Nilitaka kujibu, ulimi ulikuwa mkavu umeng'ang'ania juu.

"Bibi, shikamoo!"

Akaamkia tena, na tena. Nje watoto wenzake wakamwambia twende, kengele imegongwa. Akawaambia, "Hajaitikia." Ni neno hilo tu alilosema. Kisha nikaona mlango wa mabua unasukumwa, mwanga ukaingia, na Rebeka akasimama pale na daftari lake kwapani. Alituangalia. Harufu ya mle ndani sitakusimulia. Hakukimbia. Aliweka daftari juu ya kigoda, akachukua kata, akatoka mbio.

Nikamsikia mama yake huko nje akisema kwa ukali, "Usiingie mle! Wana ugonjwa, ngoja watu wazima!" Naye akajibu, "Mama, wana kiu," akarudi na maji. Aliniinua kichwa akaninywesha. Alimlowesha bibi midomo kwa kidole.

Watu wakaja sasa. Walikuja wengi, mwanangu, hapo ndipo ninapotaka usikilize vizuri. Walisimama mbele ya kibanda wamejiziba pua kwa kanga na kwa mikono. Mmoja alisema balozi aitwe. Mwingine akasema balozi hayupo. Mwingine akasema ndugu zao watafutwe, hawa ni Waislamu, nani wa kuwashika. Mwingine akasema yeye ana mtoto mchanga nyumbani. Yote yalikuwa kweli. Walipokuwa wakijadiliana, mtoto wa darasa la pili alikuwa akiingia na kutoka katikati yao, akileta maji, akitoa uchafu kwa mikono yake, akichukua kanga ya mama yake kutufunika. Waligawanyika kumpisha, kisha wakaendelea na majadiliano.

Mwisho Mzee Ntandu aliweka fimbo chini akaingia. Alinibeba akaniweka kwenye baiskeli, akanisukuma mpaka zahanati, mwendo wa tangu jua kali mpaka jioni. Kabla hatujafika, bibi yangu alikata roho kule kibandani. Rebeka alikuwa amemshika mkono. Hayo niliambiwa baadaye, bibi akiwa ameshazikwa, na mpaka leo nashukuru kwamba kulikuwa na mkono.

Mimi nilipona. Rebeka aliugua.

Hapa, mwanangu, mtu mwingine angekupamba hadithi akakuambia Mungu alimwangalia mtoto mwema akamponya. Sitakudanganya. Alikuwa mdogo, alikuwa na njaa kama sisi wote, alikunywa kwa kata ileile aliyotunywesha. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka zahanati ileile, na akarudi naye mgongoni akiwa ametulia. Nililetwa mazikoni nikiwa bado siwezi kusimama sawasawa. Wakristo waliimba, Waislamu tukakaa pembeni tumeinamisha vichwa, upepo ukitupiga sote mchanga machoni.

Waliposhusha jeneza, Mama Yohana alinigeukia mbele ya watu wote. "Kwa nini usife wewe?" akasema. "Mlikuwa wawili mle ndani. Kwa nini usife wewe ukaniachia wangu?" Wanawake wakamshika mabega, wakamwambia nyamaza, usikufuru. Mimi sikulia. Nilitamani kumjibu kwamba hata mimi najiuliza hivyohivyo.

Mzee Ntandu hakuwa msemaji, nilishakuambia. Siku hiyo alisimama mbele ya kaburi akasema.

"Mwacheni mama huyu aseme. Yeye ana haki ya kusema. Sisi ndio hatuna pa kujificha. Tulikatazwa kubeba moto, ni kweli. Nani alitukataza kubeba maji? Nani alitukataza kufungua mlango wa mtu? Mimi nilimsikia yule bibi akiita. Nilikuwa nakamua ng'ombe, nikamsikia kwa masikio haya. Nikajisemea, atakwenda mwenye zamu. Wewe nawe ukajisemea hivyo. Kijiji kizima tulikuwa tunamngoja mwenye zamu, na zamu ilikuwa yetu sote. Laiti kila mmoja wetu angepitisha kata moja ya maji mlangoni pale, hakuna ambaye ingemuumiza. Tulikataa kuugawana mzigo huu ukiwa mwepesi, tukamwachia mtoto auchukue wote peke yake. Msiniambie ameuawa na kuhara. Ameuawa na uzito."

Akachukua jembe, akaanza kufukia. Hakuna aliyemsaidia kwa kitambo, maana watu walikuwa wameinama, halafu wakaanza mmoja mmoja kushika majembe.

Baada ya mazishi kila mtu alikwenda kwake. Mimi sikuwa na kwangu. Kibanda chetu kilikuwa kimechomwa kwa ajili ya ugonjwa, na baba habari zilikuwa bado hazijamfikia. Nilikaa chini pale kilipokuwa kibanda, nikitazama jivu. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nikaona miguu ya mtu mbele yangu. Alikuwa Mama Yohana. Hakuniangalia. Alisema tu, "Inuka. Uji unapoa."

Nilikaa kwake mpaka baba alipokuja, na hata baada ya hapo baba aliomba niendelee kukaa, kwa kuwa Itigi alikuwa analala kambini. Usifikiri alinipenda. Siku nyingi hakuweza kulitaja jina langu, alisema "wewe." Nililala mahali pa binti yake. Wakati mwingine aliniangalia nikila, akainuka akatoka nje. Lakini uji wangu ulipoa mbele yangu kila siku, haukukosekana hata siku moja, na nikiumwa kichwa tu, yeye ndiye aliyenibeba. Jioni moja, tukichambua mlenda, akaniuliza bila kuinua uso, "Mle ndani alikuwa anasema nini?" Nikamwambia Rebeka alikuwa anaongea muda wote. Alinieleza kwamba kule kwao kuna jiwe kubwa la kuteleza, unakalia tawi la majani, unashuka mpaka chini, na kwamba nikipona atanipeleka. Mama Yohana akaacha kuchambua. "Lile jiwe!" akasema. "Kila siku nilimchapa kwa ajili ya lile jiwe." Akacheka, kicheko kikavunjika katikati, na nilimsogelea tukalia pamoja kwa mara ya kwanza. Kuanzia siku ile aliniita Mwajuma. Nilimzika mimi, mwanangu, akiwa kikongwe, na nilimlilia kama mzazi, kwa sababu alikuwa mzazi.

Sasa nikuambie ninachotaka kwako. Sikuambii uwe kama Rebeka. Watu wengi wakisikia habari hii husema, ah, tuwafundishe watoto wetu wawe kama yule. Mimi nawaambia hapana. Rebeka alikufa kwa sababu alikuwa mmoja. Ninachotaka ni kwamba asiwepo tena mtoto wa kuwa mmoja. Mpishe mzee njia, mwamkie, na usiondoke kabla hujasikia sauti yake ikoje. Mwenzako asipoonekana shuleni, pita kwao umuulizie, hata kama si rafiki yako, hata kama jana mlipigana. Mama akibeba ndoo na wewe mikono yako mitupu, shika. Mgeni wa darasani msogezee nafasi kwenye benchi kabla mwalimu hajasema. Ni vitu vidogo mno, najua, na vinachosha kuvifundisha kwa jinsi vilivyo vidogo. Lakini watu wengi wakivifanya kila siku, siku ya shida kubwa hakuna anayebebeshwa peke yake.

Ukikuta jambo lililokuzidi, ugonjwa, moto, mtu mwenye vurugu, usiingie peke yako. Piga kelele, ita wakubwa. Na wewe mkubwa utakayemsimulia mtoto maneno haya, ukiitwa, nenda. Usisimame nje ukitafuta ya nani zamu. Mtoto akishaona wewe umesimama, atafanya moja kati ya mawili: atajifunza kusimama kama wewe, au atakupita aende mwenyewe. Sijui lipi ni baya zaidi.

Na usingoje moyo upende ndipo mkono utoe. Mama Yohana hakunipenda aliponipa uji. Aliponiinua pale majivuni alikuwa ananichukia, aliniambia mwenyewe uzeeni. Alinipa hivyohivyo akiwa na chuki, na upendo ukaja baadaye kwa miguu yake. Ungechelewa kidogo tu uji ule, upendo ungenikuta sipo.

Sitakuahidi kwamba wema utakulipa. Mimi nimeona haukumlipa mtoto aliyestahili kuliko wote niliowajua. Ninakuomba uutende tu, mapema asubuhi, kabla haujawa mzito.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mungu wa bibi yangu na Mungu wa Mama Yohana, ambaye naamini ni yule yule, akupe uzee wenye majirani. Usikilize sauti usisikie dhiki ndani yake, na ukiisikia akupe miguu ya kwenda. Kila utakapokwenda kumsaidia mtu, mwanangu, ukute wenzako wameshafika, wamejaa mlangoni, na mikono yao haiko puani. Amina.